Mkate wa Nyuma ya Mandhari

Ilikuwapo nchi, na ingali pale pale, kwa sababu kuihamisha kunahitaji kibali. Inaitwa Jamhuri ya Wepesi, na raia wake ni watu wenye bahati, maana kila mmoja ana serikali inayomfikiria kuliko anavyojifikiria mwenyewe. Wafanyabiashara wakubwa wa huko wana Wizara ya Wakubwa, yenye chumba kimoja na simu moja, kwani wao wakipiga simu mambo huwa yamekwisha. Wadogo nao wana Wizara ya Wadogo, na hiyo ina ghorofa nyingi kiasi kwamba lifti yake ina mkurugenzi wake.

Katika nchi hiyo aliishi Mwanahawa Shekue, mwokaji mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa kando ya barabara ya uwanja wa ndege, na watu walikuwa wakilipita asubuhi wakienda kazini. Hakuwahi kupiga kelele wala kuandika bango. Alifungua mlango wa tanuri, harufu ikatoka, watu wakaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake yote, na ilimtosha yeye na Chausiku, mwanamke aliyemsaidia kukanda unga, ambaye alikuwa analea watoto wa marehemu dada yake.

Kisha nchi ikapata habari kwamba mgeni mkubwa anakuja. Wakuu walikwenda uwanja wa ndege, wakageuza magari, wakarudi polepole wakitazama nje kwa macho ya mgeni. Waliona moshi wa tanuri, kamba za nguo, mbuzi juu ya tairi. Wakasikitika sana kwa niaba ya mgeni. Kabla ya wiki kwisha, ukuta mrefu ulikuwa umesimama kando ya barabara yote, na wachoraji wa serikali walikuwa wameupaka picha za maisha yanayokuja: bustani, shule, maduka yenye vioo. Pale mbele ya tanuri la Mwanahawa wakachora duka la mikate. Lilikuwa zuri kweli. Mikate yake iling'aa kama viatu vya askari, na mwuzaji aliyechorwa alikuwa anatabasamu bila kuchoka.

Mgeni hakuja; alipata mafua. Ukuta ukabaki.

Siku za mwanzo Mwanahawa alisikia watu upande wa pili wakibisha hodi kwenye picha. Mzee mmoja alisimama huko akiomba mkate kwa adabu, akangoja, kisha akaondoka akilalamika kwamba duka limekuwa la kifahari na wauzaji wamekuwa na kiburi. Mwanahawa aliita kutoka nyuma ya ukuta mpaka koo likamkauka, lakini magari yalikuwa mengi. Baada ya hapo hakubisha tena mtu. Mikate ikaanza kulala. Jioni moja Chausiku alipanga mikate iliyobaki ndani ya kikapu, akasema bila kumtazama, "Dada, ukiona mambo hayaendi, mimi uniambie mapema tu. Nisije nikashtukizwa."

"Hakuna wa kukushtukiza," Mwanahawa alisema. "Watu wanaupenda mkate. Wanachokosa ni njia tu. Kesho naenda kuchapisha karatasi za kuwaambia."

*

Mchapaji aliitwa Mzee Pazi. Karakana yake ilikuwa karibu na mahakama, na alichapa kila kitu tangu kadi za harusi hadi vitisho vya wenye nyumba. Alisikiliza shida ya Mwanahawa huku akifuta wino vidoleni, kisha akampa ushauri mzuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake.

"Usiseme mengi, mwanangu," alisema. "Mtu akiokota karatasi mlangoni anaitazama akiwa njiani kuitupa. Mpe neno moja kabla mkono wake haujafika kwenye jalala. Mkate upo. Halafu mwoneshe njia, kwa ramani ndogo ya mistari. Tuchape chache kwanza, uzigawe kwa majirani wa karibu, uone nani anakuja. Wakija, tunaongeza."

Mwanahawa akaandika palepale, kwa kalamu ya mchapaji: *Mkate wa moto upo. Pita uchochoro wa soko la ndizi, uje nyuma ya ukuta. Tunafungua alfajiri. Mwanahawa.*

Mzee Pazi aliyasoma maneno hayo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hili ni tangazo," alisema. "Sasa lipeleke likashauriwe."

"Si umekwisha kunishauri?"

"Mimi nimekushauri kama mtu. Kuna Idara ya Ushauri wa Matangazo ya Wadogo. Bila muhuri wao, mashine hii nikiiwasha wanaibeba." Akainamisha uso. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Karatasi zao zote nachapa mimi. Ninawategemea kula."

*

Ushauri katika Jamhuri ya Wepesi ni bure, na ni lazima. Mambo hayo mawili yameandikwa mlangoni pa Idara kwa herufi za shaba, ili mwananchi afurahi kwanza, ndipo aelewe.

Mshauri aliyempokea Mwanahawa aliitwa Bwana Hiari Semkiwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya rangi ya majivu na kicheko kidogo alichokitoa kabla ya kila jambo baya. Hakuwahi kuuza hata njugu, lakini alikuwa amehudhuria semina katika kila mji wenye hoteli.

"Dada yangu, karibu sana," alisema. "Tumefurahi kwamba wewe ni mdogo. Hebu tuione kazi yako." Alisoma yale maneno machache kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma hukumu ya kifo ya mjomba wake. "Kuna moyo hapa," alisema mwishowe. "Ila tuna mambo kadhaa ya kurekebisha. Mkate wa moto. Neno moto hili, watu wa Zimamoto wanalimiliki. Ukilitumia itabidi nao wakushauri. Tuweke mkate wenye joto stahiki."

"Nani anakula mkate wenye joto stahiki?"

"Kila mtu, dada. Ni stahiki." Akacheka kidogo, na Mwanahawa, ambaye bado hakuwa amekijua kicheko hicho, akacheka naye. "Sasa hapa umeandika, uje nyuma ya ukuta. Ukuta upi?"

"Ule wa barabara ya uwanja wa ndege."

"Aa. Ule si ukuta. Ule ni Mandhari. Umeandikishwa hivyo na umezinduliwa hivyo."

"Basi andika nyuma ya Mandhari."

Bwana Hiari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mandhari haina nyuma, dada yangu. Mandhari ina mbele tu."

Mwanahawa aliambiwa arudi. Aliporudi, lile tangazo lilikuwa limepandishwa ghorofa ya juu na kushuka na salamu. Ilionekana kwamba kuanza kumwambia mtu habari za mkate bila kumsalimu ni utovu wa adabu, hivyo iliwekwa salamu, na kwa kuwa salamu ya Mwanahawa haina uzito, iliwekwa ya Waziri wa Wadogo. Aliambiwa arudi tena. Aliporudi, salamu ilikuwa imepata picha ya Waziri akiwa ameshika shoka kwenye upandaji miti. Safari iliyofuata picha ilikuwa imepata hotuba. Kila mara alipouliza habari za ramani yake, Bwana Hiari alimjibu kwamba ramani iko kwa watu wa ulinzi, na kwamba wameipenda.

Huko nyumbani Chausiku alikuwa anakanda unga kidogo zaidi kila asubuhi, na hakuuliza kitu. Kutokuuliza huko ndiko kulikomuumiza Mwanahawa kuliko kelele. Alikuwa akirudi kutoka Idara akiwa na kichwa kizito, anakaa juu ya gunia la unga, anautazama ukuta kwa upande wake, upande usiopakwa rangi, ambako matofali yalikuwa yamejengwa vibaya na saruji ilining'inia kama makamasi. Alitamani kuusukuma. Siku moja aliusukuma kweli, kwa mikono miwili na bega. Ukuta haukusogea. Ulikuwa ndicho kitu pekee nchini kilichojengwa kwa haraka na kikawa imara.

Siku ya muhuri ilipofika, Bwana Hiari alimkabidhi karatasi kubwa, iliyokunjwa mara mbili. Waziri alikuwa anacheka ukurasa mzima. Ndani kulikuwa na hotuba, na baada ya hotuba kauli mbiu ya Idara: *Ushauri Kwanza, Biashara Baadaye*. Mwanahawa alitafuta mkate wake, akageuza, akatafuta tena. Chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi, aliona: *Mjasiriamali mmojawapo anazalisha bidhaa ya unga yenye joto stahiki.*

"Jina langu liko wapi?"

"Hapo ndipo tulipofikiri sana," alisema Bwana Hiari. "Mheshimiwa yumo kwenye karatasi hii. Jina lako nalo likiwamo, watu watasema anakupendelea."

"Mahali nilipo je?"

"Hapana njia ya kueleza ulipo bila kuitia Mandhari nyuma."

"Kwa hiyo karatasi inasema kuna mtu fulani, mahali fulani, anafanya kitu cha unga."

Bwana Hiari alicheka kile kicheko. Safari hii Mwanahawa hakucheka naye. "Inaamsha hamu ya kujua," alisema yule bwana. "Kitaalamu, mteja anayetafuta mwenyewe ni bora kuliko aliyeelekezwa."

Mzee Pazi alichapa. Chache hazikuruhusiwa, kwa kuwa Waziri hachapwi chache, hivyo mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jua lilipoinama, na Waziri akatoka humo akicheka, na kucheka, na kucheka.

*

Mwanahawa alidhani sasa atajaza kikapu azigawe mwenyewe. Mzee Pazi akamzuia. Raia kutia karatasi mlangoni pa raia mwenzake bila barua ya kibali kuliitwa utawanyaji, na utawanyaji ulikuwa na kifungo. Kazi hiyo ilikuwa ya Posta, ambayo ilikuwa imeanzisha huduma ya kisasa iitwayo Barua kwa Mlengwa.

Msimamizi wake alikuwa Bi Sikudhani, mama mnene wa heshima, aliyeamini huduma yake kwa moyo wote. "Zamani tulikuwa tunapeleka kila nyumba, mwenzangu," alimweleza Mwanahawa. "Ujinga mtupu. Mkate unampelekea mtu asiyekula mkate. Sasa tunafanya utafiti kwanza, tunajua nani hasa anaipenda bidhaa, ndipo tunampelekea huyo."

Kwa mara ya kwanza tangu ukuta kusimama, Mwanahawa aliona neno lenye akili limetoka kinywani mwa ofisi. Akamwambia kila kitu: wauguzi wa zamu waliokuwa wanapita, walimu, mafundi viatu, yule mzee aliyebisha hodi kwenye picha. Bi Sikudhani alisikiliza, akamshukuru, akamwambia aende akawashe tanuri.

Aliwasha. Yeye na Chausiku walikanda unga kama zamani, mpaka mabega yakawaka, wakapanga mikate mezani, wakangoja. Asubuhi ikapita. Mchana wakasikia magurudumu uchochoroni. Chausiku alisimama akajifuta mikono kwenye kanga. Ulikuwa mkokoteni wa Posta, umejaa karatasi hadi juu, na Bi Sikudhani mwenyewe alikuwa mbele yake, jasho linamtoka, uso unang'aa.

"Hongera, mwenzangu," alisema. "Tangu Posta ianze hatujapata matokeo kama haya. Tuliuliza mtaa mzima: ni nani leo anakula mkate wa Mwanahawa? Wote wakasema, hatujui kama bado upo. Hao tukawafuta. Mwisho tukawapata walengwa halisi, wanaoula kila siku na hawajauacha." Akaangalia karatasi yake ndogo. "Ni wewe na Bi Chausiku."

Mwanahawa alikaa chini. Karatasi zilishushwa zote, kwa uangalifu, ndani ya stoo, na gunia la mwisho la unga likatolewa nje ili kuzipisha.

Chausiku ndiye aliyeongea, baada ya mkokoteni kwenda. "Dada, magazeti ya kufungia yamekwisha. Niifungie kwa kitu gani hii mikate ya kumgawia mama wa jirani?"

Mwanahawa alinyoosha kidole kuelekea stoo.

*

Alikamatwa kabla ya sala ya Ijumaa. Ofisa mmoja alikuwa amekutana na jirani aliyebeba mkate, akaona Mheshimiwa Waziri ana doa la mafuta shavuni. Shtaka liliandikwa na watu waliosoma: kumpaka Waziri mafuta, na kumtumia Waziri kama kifungio.

Kwa kuwa jambo lenyewe lilihusu heshima, redio ya taifa iliamriwa kuitangaza kesi moja kwa moja, ili wananchi wajifunze. Maduka yalifungulia sauti. Mwanahawa alisimama kizimbani akiwa bado na unga kwenye nywele. Hakuogopa kama alivyotarajia. Alikuwa amechoka mno kuogopa. Uoga nao unataka nguvu.

Mwendesha mashtaka alileta kielelezo: karatasi yenye doa, na mkate. Si mkate wa siku ile ya tukio, kwa kuwa ule jirani aliula. Ulikuwa mwingine, ulionunuliwa asubuhi hiyo hiyo kwa Chausiku, ili kuthibitisha kwamba mkate wa mshtakiwa huacha mafuta. Ulikuwa bado wa moto. Harufu ilipanda, ikapita kwa makarani, ikapita kwa wasikilizaji, ikafika juu alipokaa Hakimu Mwinyimvua, mzee aliyefunga kesi nyingi akiwa hajapata chai.

"Kielelezo kiletwe karibu," alisema Hakimu. Alikinusa. Akakimega kidogo kwa ajili ya sheria. Akatafuna, macho yake yakafumba. Mtangazaji wa redio, ambaye alikuwa ameamriwa asinyamaze, alieleza taifa zima kwamba Hakimu anatafuna, na kwamba ganda limelia.

"Kinaacha mafuta," Hakimu alikubali, akijitazama vidole, kisha akamega tena ili kuwa na hakika. "Kielelezo hiki kilipatikana wapi?"

Mwendesha mashtaka aliinuka. "Mheshimiwa, mahali penyewe hapatajiki kiutawala."

"Mahakama haiwezi kupokea kitu kisichotoka mahali. Mwite aliyekinunua."

Akapandishwa mpelelezi kijana, aliyeapishwa kusema kweli. Alimtazama mwendesha mashtaka, akamtazama Hakimu, akaona Hakimu yuko juu zaidi. "Mheshimiwa, unaingia uchochoro wa soko la ndizi," alisema. "Unawapita mafundi viatu. Unakata kushoto kwenye bomba la maji. Hapo unaanza kusikia harufu, ukiifuata unatokea kwenye tanuri. Liko nyuma ya ukuta, Mheshimiwa. Nyuma ya ile picha ya duka la mikate."

"Linafunguliwa saa ngapi?"

"Alfajiri, Mheshimiwa. Ukichelewa unakuta skonzi tu."

Redio ilimpeleka kijana yule nchi nzima, na katika kila duka watu waliacha walilokuwa wakifanya. Mwanahawa alishika mbao za kizimba kwa mikono miwili. Ndiyo maneno yale yale aliyoyaandika kwa kalamu ya Mzee Pazi, kabla hayajashauriwa, na ilibidi ashtakiwe ili serikali iyasome.

Alipatikana na hatia. Hakimu aliagiza zile karatasi zichomwe, kisha akakumbushwa kwamba kumchoma Waziri ni kosa kubwa kuliko kumpaka mafuta, akabadilisha: zitunzwe kwa heshima, mahali pakavu, na mshtakiwa mwenyewe, milele. Kufungia mkate kwa karatasi yoyote yenye maandishi kukapigwa marufuku. Kielelezo hakikurudishwa, kwa kuwa hakikuwapo tena.

*

Kesho yake alfajiri Mwanahawa alisikia sauti za watu uchochoroni. Wauguzi walikuwapo, na walimu, na watu wasiokuwa wa mtaa ule, na yule mzee wa hodi, aliyetaka kujua kwa nini walimnyima siku ile. Chausiku alikanda, akamaliza unga, akaagiza mwingine. Kwa siku nyingi ikawa hivyo, na ungedhani Mwanahawa ana raha. Lakini stoo yake ilikuwa imejaa Waziri mkavu, na unga wake ulikuwa nje chini ya turubai, na mvua za mwaka ule hazikuwa na heshima. Kila gunia lililolowa alilitupa, na kila alipolitupa aliona kile kicheko cha karatasi kupitia upenyo wa mlango.

Asubuhi moja Bwana Hiari Semkiwa alitokea kwenye foleni, na suti yake ya majivu. Hakupanga mstari, alijipenyeza mbele akisema samahani.

"Dada yangu," alisema, "umeona sasa faida ya ushauri? Taarifa yetu ya mwaka imekutaja. Mdogo aliyefuata ushauri, karatasi zake zikawafikia walengwa wote, akatangazwa na redio ya taifa. Tunataka uje kwenye semina ukawaeleze wenzako. Kwa ufupi tu, maneno yenyewe tumeshakuandikia."

Mwanahawa alikuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyakusanya tangu siku ya joto stahiki, mengine akiyasema peke yake mbele ya ukuta. Sasa yule bwana mwenyewe alikuwa hapa, na watu wote walikuwa wakingoja, na yeye aliona kwamba hata akiyasema yote, mtu huyu atayachukua, atayapandisha ghorofa ya juu, na yatashuka yakiwa pongezi.

"Unataka mkate?" aliuliza.

Bwana Hiari alimeza mate. "Mmoja. Wa moto."

Mwanahawa akautoa tanurini kwa koleo refu, akamshika mkono, akauweka kiganjani.

"Hunifungii?"

"Mahakama imekataza."

Yule bwana alihamisha mkate mkono wa kulia, akauhamisha wa kushoto, akapuliza vidole. Hakutaka kuuacha. Mwishowe alivua koti lake la majivu, akaufungia ndani yake, akaukumbatia kifuani, akaondoka haraka uchochoroni huku akijikunjakunja kwa joto, na nyuma ya koti doa la mafuta lilianza kukua.

Watu waliangua kicheko. Mwanahawa hakucheka. Alitazama wingu lililokuwa likija upande wa magunia yake, akavuta turubai kwa mguu, akageukia foleni.

"Nani anafuata?" alisema.